Asubuhi Tunaimba: Mkazo, Karatasi na Kwaya za Chini ya Mlima Meru

Wimbo wa kwaya uliosafiri mbali zaidi kutoka chini ya Mlima Meru, kwa ninavyoona mimi, haukutungwa na Mmeru wala Mwarusha. Ulitungwa mwaka 1966 pale Makumira, kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi, jirani na Usa River, na kijana wa Kihaya aliyekuwa anasomea uchungaji. Jina lake Bernard Kyamanywa, mzaliwa wa 1938. Wimbo ni "Mfurahini, Haleluya". Ukiingia kanisa la Kilutheri siku ya Pasaka huku kwetu, utaukuta. Ukiingia kanisa la Kilutheri Minnesota siku hiyohiyo, huenda ukaukuta pia, kwa Kiingereza, maana umo kwenye kitabu chao cha nyimbo cha mwaka 2006 ukiwa na jina la mtunzi.

Sasa waulize wanakwaya kumi wa Arusha mjini ni nani aliyeutunga. Mimi nimeuliza. Wengi wananiambia, "Si wa kitabuni huo?" Basi. Wa kitabuni, kama vile kitabu nacho kinatunga.

Nafundisha kwaya, ya shule na ya mtaa, na natunga kidogo. Kwa hiyo historia hii naisoma kama mtu wa kazi, si kama mwanahistoria. Ninachotaka kujua ni kimoja: waliotutangulia walifanyaje kuyakutanisha maneno ya Kiswahili na sauti nne?

Mwanzo wenyewe haukuwa mzuri. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896 katika siku zao za kwanza za kutaka kujenga kituo, na Wajerumani wakalipiza kisasi kikubwa kwa Wameru na Waarusha. Wamisionari walirudi 1902 wakajenga Nkoaranga, na 1904 wakafika Ilboru, juu ya mji. Walikuja na kile walichokuwa nacho: koroli za Kijerumani za sauti nne na, baadaye, matarumbeta, ambayo mpaka leo ukiyasikia kwenye msiba wa Mlutheri huku kaskazini unajua kabisa uko wapi.

Koroli ni muziki mzuri, nisieleweke vibaya. Tatizo ni mkazo, na hapa wapenzi wa ushairi watanielewa haraka kuliko wanamuziki.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Chukua mstari huu nilioutunga sasa hivi: "Asubuhi tunaimba". Mizani nane, kama mstari wa utenzi. Mkazo uko kwenye *bu* na kwenye *i*, yaani mizani ya tatu na ya saba. Ukiuimba kwa mwendo unaoanza na pigo zito (zito, jepesi, zito, jepesi) unakaa wenyewe, kama mtoto mgongoni. Lakini koroli nyingi zinaanza na pigo jepesi ndipo linakuja zito. Uweke mstari wetu humo uone: "aSUbuHI tuNAimBA". Hakuna silabi hata moja iliyokaa mahali pake. Isitoshe, mistari mingi ya Kijerumani inaisha kwenye silabi nzito, na Kiswahili karibu kila mara kinaisha kwenye nyepesi. Mshairi wa Kiswahili akizaliwa na utenzi masikioni, kisha akapewa tuni ya namna hiyo aijazie maneno, ni sawa na kuvalishwa viatu vya kushoto miguu yote miwili.

Watu waliimba hivyohivyo miaka sitini. Na waliimba vizuri, kwa sababu sikio huzoea. Bibi zetu hawakuona kasoro yoyote. Kwao huo ndio ulikuwa mkazo wa kanisani, kama Kiswahili cha kanisani kilivyokuwa na maneno yake.

Chuo cha theolojia kilihamia Makumira kutoka Lwandai, Lushoto, mwaka 1954. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yakaungana kuwa KKKT, na Makumira ikawa mahali ambapo Mhaya, Mchaga, Mmeru, Mnyaturu na Mhehe wanakaa bweni moja, kila mmoja na nyimbo za kwao kichwani. Hapo alikuwepo mwalimu Mmarekani, Howard Olson, aliyekaa Tanzania tangu miaka ya 1940. Olson alifanya jambo jepesi kulisema: aliwahimiza wanafunzi walete tuni za kwao na kuzitungia maneno ya Kiswahili. Mkusanyiko ukatoka kwa jina *Tumshangilie Mungu*. Mwingine aliyeandika nyimbo za aina hiyo ni Wilson Niwagila, naye wa upande wa Bukoba, mwandishi wa "Njoo kwetu, Roho mwema".

Kwangu mimi kilichobadilika pale si ngoma wala kupiga makofi, ingawa hivyo ndivyo watu wanavyovikumbuka. Ni mpangilio. Tuni za kwetu nyingi zina mtu anayeanzisha na watu wanaoitikia. Kiitikio kinarudi, mwanzilishi anabadilisha maneno, na urefu wa mstari unanyumbulika kufuata neno. Mtunzi hahitaji tena kukata silabi ili zitoshe kwenye kisanduku cha mtu mwingine.

Lakini mbona tuni iliyovuma ikawa ya Buhaya, wakati Makumira iko katikati ya Wameru, na Waarusha wako kilomita chache tu upande wa magharibi?

Jibu langu ni la kiufundi, mwenye lingine alete. Waarusha wanaimba kwa namna ya Kimaasai. Yupo olaranyani, kiongozi wa wimbo, anayepaa juu peke yake, na chini yake kundi linashika sauti nzito za koo zinazorudiarudia. Kwa jadi hakuna ngoma. Huo tayari ni muziki wa sauti kadhaa, tena wenye akili sana, ila haugawanyiki kuwa soprano, alto, teno na besi. Ukimlazimisha olaranyani aingie kwenye soprano na kina mama kumi na wanne, umemuua. Pili, Kimaa ni lugha ya toni, na Kimeru pia: sauti ikipanda mahali pasipo pake, neno linaweza kugeuka. Kiswahili hakina toni. Kinakuruhusu kupanda na kushuka utakavyo, mradi mkazo uheshimiwe. Watu husema Kiswahili kilishika kwaya kwa sababu ya siasa na umoja wa taifa. Ni kweli, lakini nadhani na koo zilichangia. Mtunzi anayetunga kwa Kiswahili ana mkono mmoja uliofunguliwa.

Siasa ilikuja nayo, tena kwa kishindo. Azimio la Arusha lilipopitishwa mwishoni mwa Januari 1967, na kutangazwa Februari 5, haikupita muda shule zikawa zinaimba. Kwaya ikakaa pamoja na ngonjera za Mathias Mnyampala kama chombo cha kufikisha habari. Mgeni rasmi anakuja Jumanne? Wimbo uwe tayari Jumatatu. Kutoka hapo tukarithi kitu tunachokiita "wimbo maalumu": unatungwa kwa tukio, jina la kiongozi linawekwa kwenye ubeti wa pili, unaimbwa mara moja, unakufa. Siwadharau walimu wale. Wengi walikuwa mafundi wa kutisha, wanapanga sauti nne ubaoni kwa do-re-mi, chaki mkononi, bila kinanda, na watoto wanasoma. Ninachosikitikia ni ubao. Ubao unafutwa.

Na tabia ya ubao bado tunayo, ila siku hizi ubao ni simu. Mwalimu wa Kwaya ya Vijana anaimba sauti ya kwanza, soprano wanarekodi. Anaimba besi, besi wanarekodi. Wiki mbili wimbo umekamilika, na mara nyingi ni mzuri. Hakuna karatasi. Mwalimu akihamishwa kwenda Mbulu au akifariki, wimbo unabaki na wale waliokuwepo, unapungua teno kwanza (teno ndio wanaohama kutafuta kazi), halafu alto, mwisho inabaki tuni tupu, na tuni tupu haina mwenyewe. Kuna wimbo wangu wa mahafali nimewahi kuusikia kwenye mashindano ukiimbwa na shule nisiyoijua, kiitikio kilekile, ukatangazwa kuwa ni utunzi wa mwalimu wao. Walikuwa wameongeza daraja kabla ya ubeti wa tatu, na kusema kweli daraja lile lilikuwa zuri. Nilipiga makofi huku nimekasirika.

Sheria tunayo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999, na COSOTA ipo kwa mujibu wake. Lakini unapodai wimbo ni wako ukiwa na sauti za WhatsApp tu, mkononi huna cha kuweka mezani. Ndiyo maana nafurahi kuona Makumira hiyohiyo, leo Chuo Kikuu cha Tumaini, inafundisha muziki kwa ngazi ya shahada. Wahitimu wanaorudi kwenye sharika na mashuleni wanakuja na kitu ambacho wazee wa chaki walikuwa nacho, kusoma na kuandika, pamoja na sikio la nyumbani.

Kwaya yangu ya mtaani sasa ina jalada la plastiki la bluu. Kila wimbo unaoingia unapata karatasi: do-re-mi kwa sauti zote nne, na juu yake jina la aliyetunga maneno, aliyetunga au aliyeleta tuni, aliyepanga sauti, mahali na mwaka. Juzi tulikuwa tunajaza karatasi ya "Mfurahini, Haleluya". Maneno: Bernard Kyamanywa, Makumira, 1966. Ilipofika kwenye tuni, katibu wetu, binti wa kidato cha tatu, aliandika "ya jadi, Buhaya", akasimamisha kalamu. "Mwalimu," akaniuliza, "ya jadi ndiyo nani?" Nikamwambia aache nafasi kwenye mstari huo.