Guatemala: Kuchagua Njia ya Safari

Guatemala ni nchi ya Amerika ya Kati yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 109,000. Udogo huo huwaponza wageni: hupanga vituo sita kwa siku kumi, kisha siku zenyewe zikaishia barabarani. Njia za nyanda za juu hupanda na kushuka milima mfululizo, na mwendo wa kilomita 150 huweza kula nusu ya siku. Mpangaji mzuri basi huanza kwa kuamua kipi kiachwe.

Wengi huanzia Antigua, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa jiji la Guatemala, foleni zikiruhusu. Mji huu ulioanzishwa mwaka 1543 ulikuwa makao makuu ya utawala wa Kihispania hadi ulipobomolewa na matetemeko ya 1773; miaka mitatu baadaye serikali ikahamia lilipo jiji la sasa. Baadhi ya wakazi walikataa kuhama, na makanisa mengi yaliyoporomoka hayakujengwa tena. Ndiyo maana magofu yamesimama katikati ya nyumba zinazokaliwa. UNESCO iliuingiza mji katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979.

Kutoka Antigua watu hupanda Acatenango, mlima wa mita 3,976, wakalala kwenye mahema ili kuitazama volkano jirani, Fuego, ikirusha mawe mekundu usiku kucha, endapo haijapumzika. Baridi ya huko hukaribia nyuzi sifuri, kwa hiyo koti zito ni lazima. Fuego yenyewe haichezewi: tarehe 3 Juni 2018 mkondo wake wa majivu na gesi ya moto ulikifukia kijiji cha San Miguel Los Lotes na kuua watu wengi.

Ziwa Atitlán, lenye kina cha zaidi ya mita 300 na volkano tatu kwenye ukingo wake wa kusini, ndipo mahali pa kukaa badala ya kupita. Vijiji vyake havifanani. Panajachel ni bandari na maduka. San Pedro La Laguna ina vyumba vya bei nafuu na shule za Kihispania. San Marcos imetekwa na wafuasi wa yoga. Anayetaka maisha ya wenyeji aende Santiago Atitlán, mji wa Watz'utujil, jamii ya Wamaya. Humo hutunzwa Maximón, sanamu ya mbao iliyovishwa kofia na mitandio mingi, sigara mdomoni. Kila mwaka huhamia nyumba nyingine, kwa hiyo mgeni hulazimika kuuliza amelala wapi, na haingii mikono mitupu: sigara, pombe au noti chache za quetzal. Maboti yavuke asubuhi, maana alasiri upepo uitwao Xocomil huchafua ziwa.

Soko la Chichicastenango hufunguliwa Alhamisi na Jumapili. Siku nyingine halina maana. Katika mji huu, mwanzoni mwa karne ya 18, padri Francisco Ximénez alinakili Popol Vuh, kitabu cha Wak'iche' kuhusu asili ya ulimwengu.

Tikal, magofu ya mji wa kale wa Wamaya, iko mbali kaskazini, katika misitu ya Petén: usiku mzima kwa basi, au saa moja kwa ndege hadi mji wa Flores. Ndege ina thamani ya nauli yake. Hekalu la IV lina urefu wa takriban mita 65, na kutoka juu yake mahekalu mengine huonekana yakichomoza juu ya vilele vya miti. Afadhali kulala ndani ya hifadhi, ili kuizuru kabla ya makundi ya mchana kufika.

Livingston, kwenye Bahari ya Karibi, hufikiwa kwa boti tu. Ni mji wa Wagarifuna, uzao wa Waafrika na wenyeji wa visiwa, ambao Waingereza waliwafukuza Saint Vincent mwaka 1797. Tapado yao, mchuzi wa samaki, kaa na ndizi kwenye tui la nazi, haitamshangaza mtu wa Mombasa wala Unguja.

Kwa wiki moja, Antigua na Atitlán zinatosha; kwa siku kumi, ongeza Petén kwa ndege; kwa wiki mbili, ongeza mto Río Dulce na Livingston. Mabwawa ya Semuc Champey ni mazuri, lakini barabara yake ni mbovu na huwafaa wenye muda wa ziada.

Kiangazi ni Novemba hadi Aprili. Wiki Takatifu Antigua hutandikwa mazulia ya vumbi la mbao lililotiwa rangi, na vyumba hukamatwa miezi kadhaa kabla. Tena, siku 90 za ukaaji huhesabiwa kwa pamoja Guatemala, Honduras, El Salvador na Nicaragua: kuvuka kwenda Honduras kuona magofu ya Copán hakuanzishi hesabu mpya.