Istilahi "Namba Tasa" na Ushahidi wa Namba Moja

Katika lugha ya kawaida, "tasa" ni asiyezaa. Hisabati imeliazima neno hili kwa namba nzima, kubwa kuliko 1, isiyo na kigawo ila 1 na yenyewe. Historia ya namba moja yatuonyesha kwa nini fasili hiyo haina budi kulindwa.

Namba hiyo ni 147,573,952,589,676,412,927, yaani 2 yenye kipeo cha 67, kasoro 1. Mwaka 1644 mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, aliiorodhesha miongoni mwa namba tasa. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa pia, alithibitisha kwamba si tasa. Lakini njia aliyoitumia haikutoa kigawo hata kimoja. Mwaka 1903 ndipo Frank Nelson Cole wa Marekani alipovionyesha vigawo vyenyewe: 193,707,721 mara 761,838,257,287.

Hivyo kwa miaka 27 ilijulikana kwamba namba hii ina vigawo, navyo havijulikani. Fasili isemayo "namba ambayo vigawo vyake havijapatikana" ingeiita tasa hadi 1903, ilhali haikuwa tasa kamwe. Fasili ya "namba isiyogawanyika" nayo haitoshi, kwani kila namba hugawanyika, ila pengine baki husalia.

Kwa hiyo twawasihi waandishi wa vitabu vya shule wasiifupishe fasili kwa kumrahisishia mwanafunzi. Waseme "isiyo na kigawo", wala wasiache kutaja kwamba 1 haimo.