Waridi Jeupe na Majina Yake

Mnamo mwaka wa 1958, Reimer Kordes, mkuzaji wa mawaridi wa Sparrieshoop, kaskazini mwa Ujerumani, alitoa waridi jeupe akaliita Schneewittchen. Ndilo jina la binti wa ngano aliyeonewa wivu na malkia kwa uzuri wake, ngano iliyochapishwa na ndugu wawili Grimm mwaka wa 1812. Kwa Mjerumani, jina hilo peke yake ni hadithi nzima. Tena mzazi mmojawapo wa ua hilo ni waridi Robin Hood, kazi ya kasisi Mwingereza Joseph Pemberton, lililotolewa mwaka wa 1927, naye amekwisha kufa. Hivyo mnyang'anyi wa msituni, mtetezi wa maskini, amemzaa binti wa theluji!

Lilipovuka mpaka, Wafaransa waliliita Fée des Neiges, yaani jini jike wa theluji: uchawi ulisalia, binti akapotea. Waingereza waliliita Iceberg, mlima wa barafu uelekao baharini. Hapo ngano ilikatika, ikabaki baridi tupu. Hata hivyo, ni kwa jina hilo la barafu kwamba waridi hilo limeenea mno duniani. Katika usajili huitwa KORbin, na silabi ya kwanza ni ya ukoo wa Kordes.