Kitambi, sukari na kisa cha mume asiyepimwa

NDOA ikitimiza mwaka mmoja au miwili bila mtoto katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, iwe ni Kaloleni, Buruburu au Kayole, macho yote humgeukia mke. Mama mkwe huanza kuuliza, majirani hunong'ona, na mke hushika njia ya kliniki moja hadi nyingine, kutoka kwa mganga hadi kwa mhubiri. Mume hubaki nyumbani. Kitambi chake huhesabiwa kuwa dalili ya neema, na ni nadra mtu kufikiria kumpima yeye.

Desturi hiyo haipatani na ukweli wa kitabibu. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria mwaka wa 2023 kwamba mtu mzima mmoja kati ya sita hukumbwa na tatizo la uzazi wakati fulani maishani, yaani kukosa mimba baada ya miezi 12 ya kujamiiana bila kinga. Katika takriban nusu ya ndoa hizo mwanamume huwa na mchango wake, ama peke yake au pamoja na mkewe.

Sababu nyingine zafahamika tangu zamani. Kisonono na klamidia zisipotibiwa mapema huziba mirija ya mbegu, na mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani huzidhoofisha mbegu zenyewe. Lililoanza kutiliwa maanani zaidi miaka ya karibuni ni namna mwili unavyotumia chakula, na kinachotokea sukari, mafuta na uzito vinapopita kiasi.

Korodani hutengeneza mbegu kwa amri ya homoni zitokazo kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Mafuta ya tumboni nayo si ghala lililolala. Yana kimeng'enya kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Estrojeni ikizidi, ubongo hudhani homoni zimetosha, hupunguza amri zake, na korodani hulegea kazini. Isitoshe, korodani huhitaji ubaridi wa nyuzi mbili hadi nne chini ya joto la mwili, na ndiyo sababu zikawekwa nje. Unene wa mapaja na kinena huziongezea joto. Huenda dereva wa matatu anayekalia kiti tangu alfajiri katika foleni ya Jogoo Road akaziongezea jingine.

Sukari ina madhara yake. Inapozidi katika damu huzalisha kemikali zinazoharibu utando wa mbegu na kukatakata vinasaba vilivyo ndani, hata mbegu zikionekana nyingi chini ya hadubini. Kisukari kikikaa miaka mingi bila kudhibitiwa huathiri neva. Hapo uume hukosa nguvu, au manii hurudi nyuma hadi kwenye kibofu cha mkojo badala ya kutoka. Mume wa aina hii huona tone tu, akanyamaza kwa aibu, huku mkewe akiendelea kumeza dawa.

Wangapi wanaujua ugonjwa huo? Mwaka wa 2008 na 2009 watafiti wa kituo cha APHRC waliwapima watu wazima zaidi ya 5,000 katika mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani, yote ya upande huo wa jiji. Wanaume wapatao 4 kati ya kila 100 walikuwa na kisukari. Idadi hiyo si ya kutisha. La kutisha ni kwamba chini ya robo ya waliokutwa nacho walikuwa wamewahi kuambiwa wanacho, na walioweza kukidhibiti hawakufika 5 kati ya 100. Nao uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa asilimia 17.5 ya wanaume nchini walikuwa na uzito uliozidi.

Penye aibu hapakosi biashara. Nguzo za umeme mitaani zimejaa vikaratasi vya dawa za "nguvu za kiume". Nguvu za kitandani na uwezo wa kuzaa ni mambo mawili, na mtu aweza kuwa na la kwanza akakosa la pili. Hatari kubwa zaidi ni sindano za testosteroni wanazojidunga baadhi ya vijana wanaotunisha misuli. Homoni itokayo nje huinyamazisha tezi ya ubongo, na mbegu zaweza kutoweka kabisa.

Habari njema ni kwamba madhara mengi ya unene hupungua uzito unapopungua. Katika utafiti wa Denmark uliotangazwa 2022, wanaume 56 wanene walikula chakula kidogo sana kwa wiki nane wakiwa chini ya uangalizi. Walipoteza wastani wa kilo 16.5, na wingi wa mbegu ukapanda kwa takriban nusu. Waliodumisha uzito huo mpya hawakurudi walikotoka. Ni kweli kwamba watafiti walihesabu mbegu, si watoto, na mlo wa namna hiyo haufai kuigwa bila daktari.

Kipimo cha manii chenyewe ni chepesi kuliko vingi anavyopitia mke. Mwanamume hujizuia siku 2 hadi 7, kisha hutoa manii katika kikopo safi kwenye maabara. Akitolea nyumbani, hukibeba karibu na mwili na kukifikisha kabla ya saa moja kwisha, jambo gumu kwa atokaye Umoja kuelekea katikati ya jiji asubuhi. Mwongozo wa WHO wa 2021 hutaja kiwango cha chini cha mbegu milioni 16 kwa kila mililita, asilimia 42 zikiwa zinasogea. Aliye chini ya hapo si lazima awe mgumba, na kipimo kimoja hakitoshi. Daktari makini ataagiza pia sukari na mafuta ya damu vipimwe, pamoja na shinikizo la damu na kiuno, ambacho kwa mwanamume kikifika sentimita 94 huhesabiwa kuwa onyo. Mbegu huchukua siku zipatazo 74 kutengenezwa. Kwa hiyo anayeanza kupunguza uzito leo hurudi maabara baada ya miezi mitatu, si wiki ijayo.