Mahadhi ya Kuazima: Kutoka Vugiri hadi Bombay

Vugiri iko juu ya Korogwe, pembeni mwa Usambara Magharibi, na mpita njia wa leo hawezi kudhani kwamba palikuwa na studio ya filamu. Mwaka 1935 Meja L. A. Notcutt, aliyewahi kusimamia shamba la mkonge, aliweka hapo makao ya Bantu Educational Kinema Experiment, mradi uliogharamiwa zaidi na Carnegie Corporation ya Marekani. Hadi unafungwa mwaka 1937, mradi ulikuwa umepiga filamu fupi 35: za minyoo ya safura, kodi, chai, mifugo. Mojawapo ya zile za mwanzo ilihusu benki ya posta. Mtu mmoja anapeleka fedha zake benki, mwenzake anazifukia zake chini na kuibiwa. Hadithi ya wizi, tena milimani kwetu.

Picha hizo zilikuwa bubu. Sauti ilikaa kwenye sahani ya santuri, ikazungushwa kando huku picha ikienda. Lengo lilikuwa picha moja itumike na sahani nyingi: hapa ya Kiswahili, kule ya Kiganda. Mitambo ilisumbua, sauti na picha zikapishana, na serikali za makoloni zikakataa kugharamia mradi uendelee. Lakini kule kutenganisha sauti na picha hakukuisha Vugiri. Miaka michache baadaye wanamuziki wa pwani walikufanya bila mtambo wowote: waliingia sinema, picha wakaiacha ukutani, mahadhi wakaondoka nayo.

Milima yenyewe ilikuwa imeshazoea mahadhi ya kuazima. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na nyimbo zao zikaja nao. Hadi leo Wasambaa wa Kilutheri wanaimba kwa sauti zilizotungwa Ujerumani karne kadhaa nyuma, na hakuna anayewaita wezi. Sababu moja ni kwamba kitabu cha nyimbo hakifichi: kina desturi ya kutaja asili ya wimbo na mtunzi wake. Nyimbo za filamu hazikuwa na adabu hiyo.

Filamu ya Kihindi iliyotikisa pwani yote ni Awaara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Mahadhi yake ni ya Shankar na Jaikishan, na wimbo wake mkuu, Awaara Hoon, uliimbwa na Mukesh. Nani aliyajua majina hayo? Mtazamaji wa Tanga au Mombasa alimwona Raj Kapoor akifungua mdomo, basi wimbo ukawa wa Raj Kapoor. Mtunzi alipotea kabla hata mwimbaji wa taarabu hajaugusa.

Mombasa ndiko waimbaji walikobobea kwenye mahadhi ya Kihindi. Mohamed Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina kwa sauti zilizotoka filamu za Bombay, na baadhi ya mashairi yake yalitoka kwa jamaa yake, malenga Ahmad Nassir. Tanga nako vikundi vya Black Star na Lucky Star vilitia gitaa la umeme na kodiani, taarabu yao ikawa na mwendo wake, na kwa barabara ya Mombo na kwa redio ikapanda hadi Lushoto.

Kukopi huko hakukuwa kazi ya mvivu. Shairi letu la kawaida lina mizani kumi na sita kwa mshororo, nane kwa nane, na neno la Kiswahili huelemea silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo wa Kihindi haukukatwa kwa kipimo hicho. Mara nyingi sauti ndefu huangukia mwisho kabisa wa mstari, kama hiyo "hoon" ya Awaara. Ukibandika pale neno kama "mapenzi", utamsikia mwimbaji akivuta "-nzi" mpaka neno lipoteze sura. Malenga alilazimika kulipima kila neno kwa sikio, na bado atunze vina na fumbo. Kwa hiyo mimi simwiti Bhalo mwizi. Shairi lilikuwa jipya, na wasikilizaji walijua fika sauti imetoka wapi. Kuitambua kulikuwa nusu ya raha yao.

Na huko Bombay mikono ilikuwa safi? Mwaka 1961, kwenye filamu ya Chhaya, Salil Chowdhury alichukua mwanzo wa Simfonia ya 40 ya Mozart, ya mwaka 1788, akaugeuza wimbo wa mapenzi. Mehbooba Mehbooba, ule wa R. D. Burman kwenye Sholay ya 1975, umefuata wimbo wa Demis Roussos, Mgiriki. Kisha zamu ya Afrika ikafika. Albamu ya Mory Kanté wa Guinea, Akwaba Beach, ilitoka mwaka 1987. Mahadhi yake yakazaa nyimbo mbili zilizovuma India, moja kwenye Thanedaar ya 1990, nyingine kwenye Hum ya 1991, akicheza Amitabh Bachchan. Watu wakacheza ngoma ya Kiafrika wakidhani ni ya Kihindi.

Kesi inayouma zaidi imevaa maneno yetu. The Lion King ya Disney, 1994, ina Simba, ina Rafiki, ina hakuna matata. Ndani yake unasikika pia wimbo uliotokana na Mbube, aliourekodi Solomon Linda Johannesburg mwaka 1939 na kuuza haki zake kwa shilingi kumi. Alifariki maskini mwaka 1962. Warithi wake walifungua kesi mwaka 2004, wakapatana na wahusika mwaka 2006. Hapo kilichochukuliwa ni zaidi ya sauti: ni jina na fedha.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, iliyozaa COSOTA, taasisi ya hakimiliki. Sheria hiyo inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na watunzi wakiwa wawili, hesabu huanzia kwa aliyefariki mwisho. Jaikishan alifariki mwaka 1971, Shankar mwaka 1987. Mozart hana wa kumdaia, lakini bendi ya harusi Lushoto ikitaka kurekodi Awaara Hoon kwa maneno ya Kisambaa, kwa hesabu hiyo muziki huo una wenyewe hadi mwisho wa 2037.