Juu ya nini tafiti nyingi za saikolojia zikirudiliwa zinatoa jibu lingine

Krezeri akipewa tenere ya chini kwa depo moja pale Musompo, anabeba gunia mpaka depo ya pili, wapime tena na Metorex ingine. Kurudilia utafiti ni hivyo: mtafiti mwingine, watu wengine, njia ile ile, kisha kutazama kama jibu linabaki.

Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti, Brian Nosek wa Marekani akiwa mbele, lilichapisha matokeo ya kurudilia tafiti 100 za saikolojia. Mara ya kwanza, 97 kwa mia zilikuwa na jibu la wazi. Mara ya pili zilibaki 36 kwa mia.

Si kusema wote walidanganya. Ukiuliza watu 20 tu, bahati peke yake inaweza kukupa jibu zuri. Tena majarida yanapenda habari ya kushangaza. Utafiti usiokuta kitu unalala ndani ya droo. Wengine wanahesabu hivi, wanahesabu vile, mpaka namba ikubali, sawa na kupanga mawe mazuri juu ya gunia. Na watu wanaopimwa ni nani? Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha kwamba 96 kwa mia walitoka nchi zenye 12 kwa mia tu ya watu wa dunia.

Shida hii haiko ya saikolojia peke yake. Mwaka 2018 watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha utafiti juu ya Kasulo. Walipima damu na mikojo ya watu 72, kati yao watoto 32. Kobalti ilipita sana ile ya kartie ya jirani, zaidi kwa watoto, na kwa watoto hao kulionekana dalili za ADN kuharibika.

Watu 72 ni wachache, na mwenye kutaka kuzima jambo atasema hivyo. Lakini mwaka 2009 Célestin Banza na wenzake walikuwa wamepima watu 351 wa Katanga, na wale wa karibu na migodi na viwanda walikuwa na kobalti nyingi katika mikojo. Sehemu hiyo, basi, ilionekana mara mbili, ingawa timu ilikuwa karibu ile ile. Ya ADN ndiyo inaomba kupimwa tena: watoto wengi zaidi, na watafiti wengine.