Simba wa Singida na Lodi wa Nairobi

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Jina baya nalo lina kazi yake: humtia mtu gizani, kisha likawafuata jirani zake wote.

Katika miaka ya 1940, wilaya ya Singida, katikati ya Tanganyika, ilikumbwa na vifo vya kutisha. Maiti zilikutwa zimeraruliwa mithili ya windo la simba. Watawala wa Kiingereza waliamua kwamba wauaji walikuwa binadamu. Watu wakashtakiwa, na baadhi yao wakanyongwa. Wanyaturu walikuwa na neno lao, mbojo, nalo lilikuwa tuhuma: jirani akimnyooshea kidole jirani amjuaye. Kiingereza kikaligeuza kuwa "watu-simba wa Singida", na ndivyo A. W. Wyatt alivyoiita makala yake ya mwaka 1950. Hebu yatazamwe maneno hayo. Muuaji hana jina, hana deni, hana ugomvi wa mke wala shamba. Anayo wilaya tu. Kosa la wachache likavishwa nchi nzima.

Katika muongo huo huo, Januari 1941, Lord Erroll alikutwa ndani ya gari nje ya Nairobi, amekufa kwa risasi. Sir Jock Delves Broughton alishtakiwa, na mwezi Julai akaachiwa huru. Kisa hicho kilisimuliwa, na kingali kikisimuliwa, kwa lugha ya mapenzi, wivu na ndoa. Kila mhusika ana jina lake, cheo chake na moyo wake. Kesi ile haikuzaa "watu-bastola wa Uingereza".

Mwaka 1962, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, Harold Schneider, alichapisha makala ya kuitathmini upya habari ya Singida. Lakini jina lilikwisha kutangulia, na hasara yake si ya heshima peke yake. Simba akishaingia katika sentensi, maswali ya kila mauaji hunyamaza: nani alinufaika? Nani aligombana na nani? Ushahidi u wapi? Asiye na hatia hukosa mtetezi, na mwenye hatia hupata pa kujificha.

Na aliyeuawa? Erroll angali na jina lake. Waliouawa Singida wamebaki idadi, nyuma ya simba. Mhariri aandikaye kabila la mtuhumiwa kabla ya jina lake angali akiishona ngozi ile ile.